Ya Pili Imetoka: Je, Uiruke ya Kwanza?

Swali ni lilelile, linabadilika jina la gemu tu. Kijana wa Sogea ameazimwa God of War Ragnarök na anataka kujua kama ni lazima aitafute kwanza ile ya 2018. Mama wa Vwawa anamtafutia mwanawe zawadi ya kumaliza kidato cha sita, na muuzaji ana The Last of Us Part II peke yake. Mwenye kibanda cha gemu Mlowo anauliza kama FC mpya, ile iliyorithi FIFA, inastahili hela yake au aendelee na FIFA 23. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana hela ya gemu haiokotwi, na CD uliyonunua kimakosa ni vigumu sana kuirudisha dukani.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili:

- Gemu ya hadithi inayoendelea na watu walewale: anza na ya kwanza, alimradi mashine yako inaisoma.
- Mpira, ngumi, magari: nenda moja kwa moja kwenye toleo jipya kabisa ambalo mashine yako inalimudu.
- Jina moja lakini watu wapya kila toleo: anza popote unapopata kwa bei nzuri.

Shida ni kujua gemu yako iko kundi gani, na kutopigwa wakati wa kununua. Hayo ndiyo yanayofuata.

## Kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma ni kazi

Aliyeanza na ya pili hujiambia kwamba ya kwanza ataicheza baadaye akipata nafasi. Wengi hawaichezi. Mkono umeshazoea padi inayoitika haraka, macho yameshazoea picha mpya, na siri kubwa za hadithi zimeshafichuka.

Chukua God of War. Katika ile ya 2018 Kratos anaanza safari na shoka peke yake. Silaha ya pili inakuja mbele kabisa, katika tukio ambalo gemu imeliandaa kwa saa nyingi, na wengi hulikumbuka kuliko mapigano yote. Ragnarök, iliyotoka Novemba 2022, inakukabidhi silaha zote mbili tangu mwanzo kabisa. Ukitoka Ragnarök ukarudi kwenye ile ya 2018, utajiona umenyang'anywa vitu vyako, na lile tukio litakupita kama habari uliyokwishaisikia.

Kwa hiyo usijiulize tu kama ya pili ni nzuri zaidi. Mara nyingi ni nzuri zaidi. Jiulize: ipo siku nitaitaka ya kwanza? Kama ipo, icheze sasa. Kama haipo, ruka kwa amani na usikubali mtu akuambie umekosea.

## Gemu yako ni ya kundi gani?

Hadithi inayoendelea. The Last of Us ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ya kwanza ilitoka 2013 kwenye PS3, ikaboreshwa kwa PS4 mwaka 2014. Part II ikaja Juni 2020. Sehemu ya pili yote inasimama juu ya uamuzi mmoja uliofanywa mwishoni mwa ya kwanza. Ukiruka, utaona watu wanalia na kulipiza kisasi bila kujua kilichowafikisha hapo. Spider-Man ya 2018, Horizon Zero Dawn ya 2017 na Uncharted ziko humuhumu, ingawa hazina ukali wa kiasi hicho.

Jina moja, watu wapya. GTA. San Andreas ya 2004 ina CJ na mtaa wake. GTA V ya 2013 ina Michael, Franklin na Trevor. Hakuna atakayekuuliza habari za CJ ili akupe misheni. Ghost of Yōtei ya 2025 nayo imeruka zaidi ya miaka 300 kutoka Ghost of Tsushima, na ina mtu mpya kabisa.

Mashindano. FIFA na FC, Tekken, Mortal Kombat. Hapa mchezo uko kwa wachezaji wenzako. Sylvia Gathoni wa Kenya, yule QueenArrow, alijijengea jina katika Tekken 7. Hakuna aliyemtaka aanzie Tekken ya kwanza ya miaka ya 1990. Nenda waliko watu.

Zinazoiga kazi. Hapa Tunduma, ambapo mtoto anajua kutofautisha semi na kipisi kabla hajajua kusoma, naulizwa sana kuhusu Euro Truck Simulator. Ya kwanza ilitoka 2008, ya pili 2012, na ya pili imeendelea kuongezewa barabara na malori mwaka hadi mwaka. Hakuna kilicho katika ya kwanza utakachokikosa. Anza na ya pili kwenye kompyuta yako, hata laptopu ya kawaida yenye umri kidogo huimudu ukishusha ubora wa picha.

## Namba inadanganya

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kusoma namba kwenye jaketi na kudhani ameelewa mpangilio.

God of War ya 2018 haina namba, lakini nyuma yake kuna gemu kadhaa za Ugiriki zilizoanza 2005 kwenye PS2. Je, uzicheze zote? Hapana. Waliotengeneza ile ya 2018 waliijenga ili mgeni aingie bila kupotea: nchi mpya, miungu mipya, mtoto ambaye hata yeye hamjui baba yake vizuri. Kama ndani kuna PS2 inayofanya kazi na zile CD zipo, zicheze kwa raha zake. Kama hakuna, usiitafute.

Red Dead Redemption ni kinyume. Ya pili, ya 2018, inasimulia ya mwaka 1899. Ya kwanza, ya 2010, inasimulia ya 1911. Kwa hiyo iliyotoka baadaye ndiyo iliyotangulia kwenye hadithi. Watu wanabishana sana hapa. Ushauri wangu: kama unaweza kuzipata zote mbili, anza na ya 2010, ambayo tangu Agosti 2023 inapatikana kwenye PS4. Utajua mapema hatima ya baadhi ya watu wa lile genge, ni kweli. Lakini Arthur Morgan, ambaye ndiye moyo wa ya pili, hatajwi popote katika ya kwanza, kwa hiyo hatima yake inabaki siri mpaka uifikie. Ukianza na ya pili, ile ya 2010 itakuwa nzito mkononi. Kama hela inatosha moja tu, chukua ya pili, inasimama yenyewe.

Na kuna mfululizo ambao ya kwanza yake huwezi kuipata hata ukitaka. Assassin's Creed ya 2007 haikuletwa PS4. Mkusanyo wa Ezio uliotoka 2016 unaanzia ya pili. The Witcher mbili za mwanzo hazikufika PlayStation kabisa. Hapo uamuzi umeshafanywa kwa niaba yako: anza na Assassin's Creed II, anza na Witcher 3, na usiwe na wasiwasi.

## Mashine yako inasemaje?

Kabla ya kutoa hela, hakikisha mambo haya:

- CD ya PS3 haichezi kwenye PS4. Kila wiki kuna mtu anayeuziwa The Last of Us ya PS3 akidhani ni ileile. Tafuta maandishi PS4 juu ya jaketi na juu ya CD yenyewe, maana majaketi hubadilishwa.
- PS5 yenye tundu la CD inasoma CD karibu zote za PS4. PS5 isiyo na tundu haisomi chochote. Kwa kawaida utalazimika kununua kwa mtandao.
- Spider-Man 2 ya 2023, kwa upande wa PlayStation, ni ya PS5 peke yake. Tekken 8 ya 2024 vilevile. Mwenye PS4 asihadaike na picha ya kwenye simu ya muuzaji.
- Mwenye PS2 FIFA yake ya mwisho ni FIFA 14, mwenye PS3 ni FIFA 19. Yeyote anayekuuzia FIFA 22 ya PS2 anakuuzia gemu ya zamani iliyobadilishwa majina na jezi. Inaweza kukufurahisha, lakini usiilipie bei ya mpya.

Kama una PS4, nakuomba usijione umebaki nyuma. Gemu nyingi ninazozitaja hapa ni za PS4, na nyingi zimeshashuka bei kwa sababu wenye PS5 wanaziuza.

## Kununua CD iliyotumika

Tunduma ni mji wa kupita. Muuzaji wa leo anaweza kuwa Lusaka kesho au Dar keshokutwa, na namba yake ya simu isipatikane. Kwa hiyo:

1. Ijaribu kabla ya kulipa. Iwekwe kwenye mashine, ianze kuingia, ufike mpaka mtu anatembea. Picha ya mwanzo pekee haitoshi.
2. Igeuze CD, iinamishe polepole chini ya mwanga wa dirisha. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda pembeni mara nyingi hausumbui. Mkwaruzo unaofuata duara ndio mbaya, maana unaziba data mfululizo.
3. Kataa CD iliyosuguliwa kwa dawa ya meno. Kwenye CD za PS3 hadi PS5 data iko karibu sana na uso, kama sehemu ya kumi ya milimita, na juu yake kuna tabaka gumu la kuilinda. Anayesugua anaondoa ulinzi huo.
4. Hesabu CD. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina mbili: moja ya kuingiza data, nyingine ya kuchezea. The Last of Us Part II nayo ni mbili. Ukipewa moja hujanunua gemu.
5. Soma lugha nyuma ya jaketi. Nakala za nchi nyingine huenda zisiwe na Kiingereza, na gemu ya hadithi usiyoielewa ni hasara tupu.
6. Ukinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, dai risiti na uiweke mpaka umeshavuka. Ukinunua mashine nzima, waulize watu wa forodha utaratibu kabla hujaibeba.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: Tanzania haimo katika orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, na Zambia pia haimo. Wengi wetu tunatumia akaunti za nchi nyingine. Hakuna ubaya kwa CD yenyewe, kwa kuwa CD za PS4 hazibagui nchi. Lakini nyongeza za kununua mtandaoni hubagua: CD ya soko la Ulaya na akaunti ya Marekani mara nyingi haziivi chungu kimoja. Kadi ya kujazia salio nayo lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti.

Ndiyo maana nawapenda wanaonunua matoleo kamili ya gemu za zamani, yale yenye nyongeza zote ndani ya CD. Horizon Zero Dawn Complete Edition ni mojawapo, Witcher 3 ya Game of the Year ni nyingine. Hapa gemu ya zamani inaishinda mpya kabisa: unaingiza, unacheza, hudaiwi kitu.

## Bando, nafasi na LUKU

Gemu mpya huja na masahihisho ya kushusha kutoka mtandaoni, mara nyingine ya GB nyingi. Kwa mwenye fiba si tatizo. Kwa anayetumia bando la simu, CD ya bei nafuu inaweza kukugharimu zaidi kwenye bando kuliko dukani. Gemu ya miaka mitano iliyopita, ikiwa toleo kamili, kwa kawaida imeshasahihishwa ndani ya CD.

Nafasi nayo ina mwisho. PS4 ya GB 500 haikupi 500 zote, na Red Dead Redemption 2 peke yake inakula zaidi ya 100. Ukipanga kucheza ya kwanza na ya pili, usiingize zote pamoja. Maliza ya kwanza, ifute, ingiza ya pili. Kufuta gemu hakufuti ulikofikia, mradi usiguse data zilizosevuliwa.

Na umeme. Ukiona alama ya kuseva inazunguka pembeni, usizime, na ukiweza weka UPS ndogo. Sevu kwenye nafasi mbili tofauti pale gemu inaporuhusu. Kila mwisho wa wiki nakili data zako kwenye flashi: kwenye PS4 ingia Settings, kisha Application Saved Data Management. Kukatika kwa umeme saa ya arobaini ya gemu ndiko kunakomfanya mtu aache ya kwanza akaruka ya pili kwa hasira.

## Ukiamua kucheza ya kwanza

Usiifanye adhabu. Lengo lako ni hadithi na kuuzoea mchezo.

- Weka ugumu wa kawaida au mwepesi. Hakuna anayekupa cheti.
- Fuata misheni kuu. Vya kuokota na kukusanya viache, hasa kama unajua ya pili inakusubiri.
- Ukifika mwisho, pumzika wiki mbili tatu kabla ya kuanza ya pili. Wanaounganisha moja kwa moja huchoka, kisha huilaumu ya pili bure.

## Ukiamua kuruka

Ruka vizuri. Angalia kwanza kama gemu ina muhtasari ndani yake. Ragnarök inao kwenye menyu ya mwanzo, mfupi na wa kueleweka. Kama haina, tafuta video moja ya muhtasari, ya dakika kumi hadi ishirini, uishushe mahali penye Wi-Fi. Epuka video yenye neno "ending" kwenye kichwa, kwa sababu nyingi hukupa mwisho wa ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Na usisome maoni yaliyo chini yake.

## "Lakini..."

"Picha za ile ya kwanza ni mbaya." Za PS2, sawa, nakubali. Lakini kati ya gemu za 2018 na za 2022 tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani, na baada ya saa ya kwanza jicho linazoea. Cheza kwa rafiki jioni moja kabla ya kuhukumu.

"Sina hela ya zote mbili." Basi nunua ya kwanza leo kwa bei ya chini, icheze, iuze au uibadilishe, uongeze kidogo upate ya pili. Wakati unacheza, ya pili inaendelea kushuka. Ukianza na ya pili leo, unalipa bei ya juu.

"Wenzangu wote wako kwenye mpya." Kama mnacheza pamoja, wafuate, uko sahihi. Kama kila mtu anacheza stori kwake, hakuna unachokikosa kwa kuchelewa miezi miwili.

"Mashine yangu imechipiwa, ninazo zote humo humo." Basi huna sababu hata moja ya kuruka. Ila usiiingize mtandaoni, maana inaweza kufungiwa, na ujue nakala nyingi za namna hiyo hazina masahihisho.

## Kwa wazazi

Mama wa Vwawa, nakusihi uangalie namba iliyo kwenye kona ya jaketi. The Last of Us zote mbili, God of War, GTA na Red Dead Redemption 2 zimewekewa 18. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huenda yuko umri huo. Mdogo wake wa darasa la sita hayuko, na watakaa sebule moja. Kama nia yako ni zawadi ya nyumba nzima, Spider-Man ya 2018 ni salama zaidi, ingawa nayo ina mapigano na imewekewa umri wake. Kama ni ya kijana peke yake, mrudie muuzaji umwambie unataka The Last of Us Remastered ya PS4, na hiyo Part II aiweke kando.

## Kwa wenye vibanda

Gemu za hadithi hazifai kibanda. Mteja anakuja nusu saa, wa pili anasevu juu ya kazi ya wa kwanza, ugomvi unaanza. Weka mpira na ngumi.

Kuhusu FC: FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kubeba jina hilo, na tangu Septemba 2023 mfululizo unaitwa EA Sports FC. Wateja wanafuata usajili; mchezaji aliyehamia Madrid wakimwona bado yuko timu ya zamani watakwenda kibanda cha jirani. Hata hivyo huna haja ya kununua siku inapotoka. Subiri Januari au Februari, wakati waliochoshwa na yao wanaanza kuziuza, ununue moja ya kuweka kwenye mashine iliyo karibu na mlango, nyingine ziendelee na FIFA 23. Mwaka unaofuata ruka toleo zima, kisha nunua linalofuatia. Mabadiliko ya mwaka mmoja ni madogo mno kulipia kila mara, ya miaka miwili mteja anayaona. Na eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure na inajisasisha yenyewe. Iweke kwa ajili ya wale ambao mpaka leo hawaitaki FIFA, nao Tunduma ni wengi.